Jukwaa la Visigino Viwili

Ofisini, Jumba la Dansi
4 Februari

Mpendwa Chiriku,

Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu. Habari za siku nyingi? Nasikia siku hizi unashona mapazia, na kwamba wateja hawakosekani. Nimefurahi. Sauti ikichoka, ni vizuri mikono ipate cha kufanya.

Nakuandikia kwa jambo kubwa. Jumba letu linafunguliwa upya. Baada ya kuwa ghala la nafaka, kisha chumba cha mitihani, kisha makao ya popo, halmashauri ya mji imeamua kulirudishia heshima yake. Paa limeezekwa. Sakafu ya dansi imepigwa randa mpaka unajiona uso. Na lile jukwaa la mviringo lenye ukuta katikati linazunguka tena. Vijana wa siku hizi hawaamini nikiwaambia kwamba bendi mbili zilikuwa zikikaa mgongo kwa mgongo, moja mbele ya watu, nyingine nyuma ya ukuta gizani, na kwamba bendi ya mbele ikichoka, jukwaa liligeuzwa huku wimbo ukiendelea na wachezaji hawakukosa hata hatua. Nimewafundisha kanuni ya Jumba: muziki haukatiki. Anayeondoka haachi kupiga mpaka anayekuja awe ameushika wimbo. Wamebaki kutikisa vichwa.

Nimeombwa niandike historia ya Jumba, kitabu kidogo cha kugawiwa wageni siku ya ufunguzi. Nani mwingine angeiandika? Yule tajiri wa viatu aliyelijenga, ambaye sisi tulijua alilijenga ili watu wacheze, soli ziishe, warudi dukani kwake, amekufa. Wapiga gitaa wamekufa. Mke wangu, Mungu amrehemu, naye ametangulia. Tumebaki mimi na wewe.

Siku ya ufunguzi ni tarehe 6 Aprili. Nitapiga tarumbeta yangu. Nakuomba uje uimbe ule wimbo wa kufungia dansi. Ulituacha ghafla zamani zile, wala sikujua nani alikuudhi, lakini mimi si mtu wa kuweka kinyongo. Mdogo wako ndiye fundi wa jukwaa sasa, kwa hiyo utajiona uko nyumbani.

Ombi moja: usinipigie simu. Simu ya hapa haina maana. Niandikie.

Wako,
Kiongozi wa Bendi

*

13 Februari

Kiongozi,

Barua yako imefika, nami ni mzima, ahsante. Mapazia hayajambo. Yana faida moja ambayo muziki hauna: ukiyafunga, yanabaki yamefungwa.

Umeniuliza nani aliniudhi. Hata mimi nimesahau. Umri umesonga, mambo mengi yananipotea, na hilo nalo limepotea pamoja na mengine. Nitakuja. Nitaimba. Wimbo wa kufungia naukumbuka wote, hata pale pa kuvutia pumzi.

Sina nafasi ya kuja kufanya mazoezi na vijana wako. Niandikie tu mpangilio wa usiku huo, nani anaanza na nani anamaliza, nami nitafuata. Unanijua, mimi ni mtu wa kufuata.

Hongera kwa kuandika historia. Kazi hiyo inamtaka mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Chiriku

*

13 Februari

Mdogo wangu,

Kiongozi wako ameniandikia. Amenialika. Anasema hajui nani aliniudhi! Nimeisoma sentensi hiyo nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka.

Hukuwahi kuniuliza kwa nini niliacha kuimba, na nilikushukuru kwa hilo. Ulikuwa chuoni wakati ule, uliporudi ukakuta mambo yamekwisha. Sasa nakueleza, kwa sababu nina haja nawe.

Ilikuwa Jumamosi, Jumba limejaa mpaka ngazini. Nilikuwa mbele, naimba wimbo wa kufungia, nimefika ubeti wa pili. Watu walikuwa wameacha hata kucheza, wamesimama wananisikiliza. Unajua ishara ya kugeuza jukwaa: kiongozi anapiga visigino viwili sakafuni, na aliye chini anazungusha gurudumu. Basi nikiwa katikati ya ubeti, nikasikia visigino viwili. Nikadhani amekosea. Nikageuka kumtazama pale aliposimama kando ya jukwaa, naye akanitazama, akatabasamu. Jukwaa likaanza kwenda. Ukuta ukaja. Nikapelekwa nyuma nikiwa bado mdomo wazi, na kwa upande wa pili akatokea yule binti aliyekuja kuwa mke wake, kavaa gauni jeupe, kaushika wimbo palepale nilipofikia.

Wakati ule hakuna aliyekuwa amenieleza kitu. Bendi yote ilijua, na mshona magauni alijua. Mimi peke yangu sikujua.

Nikabaki nyuma ya ukuta natazama viti vibovu na ngazi ya mpaka rangi. Na kwa sababu ya ile kanuni yao, nilikuwa bado naimba. Ndipo nikasikia makofi. Mdogo wangu, sijawahi kusikia makofi kama yale. Yalikuwa yanapita kwenye mbao na kuingia kifuani kwangu, na hayakuwa yangu. Niliyasikiliza mpaka yakaisha, nikavua viatu, nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Nilijaribu kuimba miji mingine. Habari ilinitangulia kila mahali. "Huyu ndiye yule aliyegeuzwa?" Wakicheka. Usifikiri nililia kwa sababu ya mwanamume. Hakunioa, na wala sikutaka anioe. Nilitaka jukwaa langu.

Sasa sikiliza. Gurudumu la jukwaa liko mikononi mwako. Siku hiyo atapiga tarumbeta yake, kichwa kimemvimba, na wakubwa wa mji wamekaa mstari wa mbele. Akiwa katikati ya wimbo, nitapiga visigino viwili mimi. Utageuza. Nataka aende nyuma ya ukuta mdomo ukiwa kwenye tarumbeta. Nataka ayasikie makofi yangu kutoka kule nilikoyasikia ya mke wake. Sitaki kingine. Akiisha kuyasikia, mimi nitarudi kwenye mapazia yangu na roho itakuwa imesuuzika.

Usimwambie mtu. Na usinipigie kwa simu ya ofisini, iko mezani kwake.

Dada yako

*

24 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya jukwaa, kwa tochi, kwa sababu ndipo mahali pekee hapa ambapo mtu hakufuati. Nimeisoma tena na tena. Nakupa pole, ingawa najua pole imechelewa.

Lakini hilo unalonitaka, sitaweza. Usikasirike kwanza. Gurudumu hili nimelifufua mimi. Lilikuwa limeshikana kwa kutu mpaka tukalichemsha kwa mafuta. Kila jino la chuma nimelipiga tupa kwa mkono wangu. Likigeuka siku hiyo bila utaratibu, watu watasema fundi hajui kazi, na kazi ndiyo hii nimeipata.

Halafu mzee mwenyewe, simwelewi. Amebadilika. Nikimwita nikiwa nyuma yake, hageuki. Inabidi nizunguke nisimame mbele ya uso wake ndipo aniambie, "Ehe, sema." Juzi mbao zilidondoka kutoka kwenye kiunzi cha wapaka rangi, mshindo ukatutoa roho wote, yeye akaendelea kufuta tarumbeta yake kwa kitambaa. Vijana wa bendi wanasema anaringa. Mazoezini hamtazami mwimbaji, anakodolea mikono ya mpiga ngoma tu. Akimaliza anafungia tarumbeta yake na kuondoka.

Jioni anakaa peke yake katikati ya sakafu ya dansi, kavua viatu. Sijui anafikiri nini. Mtu kama huyo, Dada, umlipe kisasi cha nini? Kazeeka.

Njoo uimbe, watu wakusikie, basi.

Mdogo wako

*

3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kazeeka, unasema. Na mimi je, nilibaki msichana?

Hageuki ukimwita kwa sababu wewe ni fundi na umevaa ovaroli. Hata wakati wetu hakugeuka akiitwa na mtu asiye na koti. Mbao zikidondoka, si zake. Mwimbaji hamtazami kwa sababu kwake mwimbaji ni kiti, akikichoka anakileta kingine. Unaniambia mambo niliyoyajua kabla hujaota ndevu, halafu unataka nimwonee huruma kwa hayohayo.

Eti kavua viatu! Tajiri wa viatu angelia kaburini.

Sikulazimishi. Nani alikufuta kamasi, nani alikukimbiza hospitali ulipomeza kifungo, hayo siyasemi. Ukiamua kulala chini ya jukwaa huku dada yako anachekwa mara ya pili, lala. Mimi nitakuja hata hivyo. Nitapiga visigino vyangu viwili mbele ya watu wote, na jukwaa lisipogeuka nitajua nina ndugu wa aina gani.

Dada yako

*

Ofisini, Jumba la Dansi
10 Machi

Mpendwa Chiriku,

Nimefurahi kwamba utakuja, na zaidi kwamba umesahau yaliyopita. Watu wengi wakizeeka wanakumbuka mabaya tu.

Mpangilio ni huu. Utaanza wewe, mbele ya watu, na vijana wa bendi. Utaimba ubeti wa kwanza na wa pili. Nitakuwa nyuma ya ukuta nasubiri. Jukwaa litageuzwa, utaenda nyuma ukiendelea kuimba kama kanuni inavyosema, mimi nitatokea mbele na kuumaliza wimbo kwa tarumbeta peke yangu. Nadhani unakubali kwamba Jumba lililofunguliwa na tarumbeta yangu lifunguliwe tena nayo.

Kuna jambo moja naomba ulizingatie sana. Ukuta wa jukwaa una mwanya pembeni, upana wa kiganja. Kila unapoushika wimbo, pitisha mkono wako kwenye mwanya huo niuone. Usiniite, wala usinipigie mluzi. Mkono tu. Nikiuona nitajua umeshika. Tafadhali usisahau.

Historia ya Jumba imekwenda kiwandani kuchapwa. Nimeandika kila kitu, kuanzia siku tajiri alipopima uwanja kwa hatua zake mwenyewe, mpaka siku wafanyakazi wa ghala walipocheza dansi juu ya magunia. Utaipenda.

Wako,
Kiongozi

*

18 Machi

Kiongozi,

Nimeupokea mpangilio. Unaanza kwangu na unaishia kwako, kama kawaida yetu.

Habari ya mkono nimeielewa. Nipunge kwenye mwanya, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Sawa, Kiongozi. Mkono wangu unaujua.

Nitafika siku yenyewe.

Chiriku

*

25 Machi

Dada,

Vitabu vya historia vimeletwa leo, maboksi kwa maboksi. Nimefungua kimoja nikitafuta jina lako la Chiriku. Nakunakilia kama kilivyo:

"Mwimbaji wa kwanza wa Jumba alikuwa marehemu mke wangu, ambaye sauti yake ndiyo iliyolipa Jumba hili sifa. Kabla yake walipita wasichana kadhaa wa kujaribiwa."

Nimekisoma chote. Tajiri wa viatu ana ukurasa mzima. Popo wana mistari minne. Wewe ndiwe wasichana kadhaa.

Nilitaka kuvichoma. Halafu nikaona kuvichoma ni kazi ya mtu mdogo. Piga visigino vyako, Dada. Piga kwa nguvu, huku chini panasikika kila kitu. Nitageuza, nikifukuzwa na wanifukuze.

Na atakiona cha mtema kuni.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Uliondoka bila kuniaga. Nilikutafuta mpaka stendi ya mabasi, nikaambiwa mama mwenye mkoba mwekundu amepanda la kwanza.

Siku hizi tatu nimekuwa nikitafuta namna ya kukuandikia. Sijaipata, kwa hiyo naandika tu.

Nilifanya ulichotaka. Ulipoanza, nilikuwa nimekaa chini na gurudumu mikononi, machozi yakinitoka, kwa sababu sikuwahi kukusikia ukiimba jukwaani. Nilidhani najua nina dada gani. Sikujua. Visigino vyake vikapigwa, nikageuza, ukaenda nyuma. Tarumbeta yake ikashika. Nikasikia vyako. Nikageuza. Wewe ukarudi mbele, yeye akaenda gizani, na ukaushika ubeti wa mwisho kwa sauti iliyofanya vumbi lidondoke huku chini.

Lakini yeye hakuacha kupiga. Ulidhani ni ubishi, na mimi nilidhani hivyohivyo. Ukamaliza wimbo, ukanyamaza, naye bado anapuliza. Wimbo umekwisha, yeye anaurudia, tena na tena, nyuma ya ukuta, peke yake. Nikapanda kwa kile kidirisha cha mafundi upande wa nyuma nimwambie basi, mzee, umeshindwa, shuka.

Dada, alikuwa amesimama mbele ya ule mwanya, macho kayakodoa pale, anasubiri mkono wako. Mdomo ulikuwa unamtoka damu. Nikamwita. Nikapiga kelele sikioni mwake kabisa, hakupepesa hata jicho. Ndipo nikajua. Mzee hasikii. Hasikii kitu chochote, si tarumbeta yake, si wewe, si mbao zile zilizodondoka. Ndiyo maana ya mikono ya mpiga ngoma, na kuvua viatu. Alikuwa anausikiliza muziki kwa nyayo. Na kwa sababu hakuona mkono, alidhani hujaushika wimbo, na kanuni ni kanuni, akawa anapiga ili usikatike.

Na watu, Dada. Wewe ulikuwa mbele, uliwaona kuliko mimi. Walidhani ndivyo ilivyopangwa. Walisimama wote, mpaka wale wakubwa. Walimpigia makofi yeye, wakiutazama ukuta. Walikuwa wanapiga kelele, "Geuza! Geuza tumwone!" Nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye gurudumu. Nilisubiri visigino vyako, kwa maana ishara ilikuwa yako. Havikupigwa. Niligeuza mwenyewe baadaye, lakini taa zilikuwa zimezimwa na watu wametoka. Alitokea mbele ya viti vitupu.

Nimemwandikia kwenye karatasi kwamba watu walifurahi. Alisoma, akanipigapiga begani, akaikunja. Hakuniamini.

Mwambie wewe. Sikulaumu kwa yale ya usiku ule, hukujua, na mimi pia sikujua. Sasa unajua.

Mdogo wako

*

Ofisini, Jumba la Dansi
12 Aprili

Mpendwa Chiriku,

Nasikia mdogo wako amekueleza ugonjwa wangu. Afadhali asingekueleza. Sikutaka ujulikane. Ulianza taratibu, kwanza filimbi zilipotea, halafu sauti za wanawake, halafu kila kitu. Kiongozi wa bendi asiyesikia ni kichekesho, na mimi sijawahi kuwa kichekesho.

Nilijua kwa miguu kwamba jukwaa limegeuka mara ya pili. Nadhani ni kosa la mtambo, mitambo ya zamani ina ukaidi wake, simlaumu fundi. Nilijikuta nyuma. Nikafanya inavyotakiwa: nikaendelea. Nilitazama mwanya muda wote. Mkono sikuuona. Pengine ulisahau, umri umesonga, uliniambia mwenyewe.

Sasa nina swali, na nakuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Vijana wananiambia "vizuri, vizuri", naona midomo yao. Fundi wako ameniandikia kwamba watu walifurahi. Ni mtu mwema, na watu wema ni waongo. Wewe hukuwahi kunisifu hata siku moja. Ulikuwa ukiniambia mbele ya bendi nzima kwamba nimekosea, na nilikuwa kweli nimekosea. Kwa hiyo utakachosema wewe nitakiamini, na sitauliza tena.

Kuelekea mwisho, nilipokuwa karibu kuishiwa pumzi, sakafu ilianza kutetemeka chini ya miguu yangu. Ilitetemeka kwa nguvu na kwa muda mrefu. Sijawahi kuhisi sakafu ile ikitetemeka hivyo tangu tajiri aipigilie misumari. Halafu ikatulia. Nilipogeuzwa, viti vilikuwa vitupu.

Daktari amesema mdomo umechanika pabaya, sitapuliza tena. Kwa hiyo nataka kujua mara ya mwisho ilikuwaje. Ule mtetemeko ulikuwa makofi, au walikuwa wanaondoka?

Niandikie.

Kiongozi

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Unaniambia nimwambie ukweli. Ameniandikia, na nitamjibu leo, bahasha iko hapa mezani.

Kwanza nikwambie niliyoyaona mimi, maana wewe ulikuwa nyuma. Nilimaliza ubeti wa mwisho vizuri, najua nilimaliza vizuri. Nikasubiri. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wameinamisha masikio kumsikiliza yeye. Nilisimama mbele yao nimevaa gauni nililolishona kwa miezi, na walikuwa wananitazama kama mtu anavyotazama mlango akingoja ufunguliwe. Halafu wakasimama. Makofi yakanipita huku na huku yakaenda ukutani. Mara ya pili, mdogo wangu, katika Jumba lilelile. Mara ya kwanza nilikuwa gizani. Mara hii nilikuwa mbele ya taa zote.

Walipoanza kusema geuza, nilisikia. Visigino vilikuwa vyangu. Niliviweka chini vikatulia.

Na unasema sikujua. Kwamba ni kiziwi, sikujua. Lakini habari ya mkono niliijua, aliniomba kwa maandishi, akasema tafadhali, na mkono ulikuwa hapa ubavuni mwangu. Usiniombee msamaha ambao mimi mwenyewe sijauomba.

Kitabu chake kinaendelea kugawiwa? Nadhani kinaendelea. Watoto wa shule watakisoma. Wasichana kadhaa wa kujaribiwa.

Nilimwandikia jibu la kwanza, la kweli, nikalichana. Nikaandika tena lilelile, nikalichana. La tatu limekuwa fupi na halikunipa taabu.

Usimwandikie vikaratasi tena. Anasema ataniamini mimi.

Dada yako

*

20 Aprili

Kiongozi,

Pole kwa mdomo.

Umesema sikuwahi kukusifu, na ni kweli, kwa hiyo nakujibu kama nilivyokuwa nikikujibu siku zote.

Walikuwa wanaondoka.

Chiriku